Mpelelezi wa Pazia na Fomu Kumi na Nne

Alhamisi, 8 Septemba

Mteja! Mteja wa kweli, mwenye viatu vinavyong'aa! Tangu kesi ya miwani ya muuza vitabu (ilikuwa kichwani kwake, nikaigundua siku ya tatu) hakuna aliyevuka pazia langu ila mke wangu, naye hufuata pasi tu.

Niieleze ofisi, kwa ajili ya watakaosoma shajara hii nikishakuwa maarufu. Mbele ni duka la ushonaji la mke wangu: cherehani mbili, meza ya kukatia, na sanamu ya kuvalishia nguo isiyo na kichwa. Katikati, pazia la maua. Nyuma ya pazia, mimi. Nina meza, kiti, lenzi, na bunda la karatasi za mke wangu za kukatia mitindo, zile anazoziweka juu ya kitambaa kabla ya kukikata. Huzikata kutoka kwenye migongo ya kalenda za zamani na mabango ya kampeni, kisha huzirundika ofisini kwangu. Nimelalamika mara nyingi. Huniambia ofisi ni yake, mimi nimeazimwa kona.

Mteja ni bwana mnene mwenye suti, manukato yamemtangulia hatua tano. Nilimsoma papo hapo. Ana mwavuli kwapani, na mvua haijanyesha tangu Juni. Hitimisho: anaogopa jua. Kwenye tai ana pini ndogo yenye umbo la mwavuli. Hitimisho: anaogopa jua sana.

Kasema anatoka Kamati ya Kura Safi. Siri. Jumapili tunachagua meya, na wagombea ni wawili. Yupo meya wa sasa, ambaye alama yake kwenye karatasi ya kura ni mwavuli, na yupo mama mmoja aliyekuwa msoma mita za maji, alama yake ndoo. Mji mzima unawaita hivyo, Mwavuli na Ndoo. Bwana Manukato ana habari za uhakika kwamba kura zitaibwa. Sasa, zikishahesabiwa, kila kituo hubandika fomu ya matokeo mlangoni ili kila mtu ajisomee. Kazi yangu ni kupita vituo kumi na vinne Jumatatu alfajiri, amenipa orodha, na kubandua fomu zote kabla wezi hawajazifikia. Mtu wake atakuja kuzichukua. Kasema ushahidi hauachwi ukining'inia mlangoni.

Akili iliyoje! Sikumuuliza kwa nini vituo vile na si vingine. Kanuni yangu ya kwanza ya upelelezi: mteja haulizwi kwa nini.

Ijumaa, 9 Septemba

Dada kapita akitoka shuleni. Dada yangu mkubwa ni mwalimu mkuu, na Jumapili ni msimamizi wa kituo cha kura hapo hapo shuleni kwake. Ndiye aliyenilea mama alipotutoka. Alinifundisha kusoma kwa kuandika herufi ukutani kwa mkaa, nami nikizinakili, ukuta mzima, na baba alipogomba akasema ni yeye peke yake aliyechafua. Mpaka leo akiniona huniuliza swali moja tu: umekula? Nina miaka arobaini na mitatu.

Nilimwambia nina kesi kubwa. Akafurahi kweli. Akasema siku zote alijua nitapata kazi inayonifaa. Mke wangu akakohoa.

Nimeshapata mshukiwa. Sajini! Huyu ni jirani yetu, polisi mstaafu anayetengeneza makufuli kwenye kibaraza cha pili. Ndiye aliyenibandika jina la Mpelelezi wa Pazia, na sasa mpaka watoto wa mtaa wananiita hivyo. Fikiria: masanduku ya kura yanafungwa kwa makufuli. Sajini ana makufuli. Nimeandika hoja hii kwenye karatasi na kuipigia mstari mara mbili.

Jumamosi, 10 Septemba

Ufuatiliaji wa Sajini. Mbinu: kujigeuza sanamu. Nilimwondoa mwenzangu asiye na kichwa dukani, nikavaa koti la mteja ambalo halijakwisha kushonwa, nikasimama kibarazani mkono mmoja nimeuinua. Kichwa nilikifunika kofia mpaka puani. Kwa saa moja na nusu sikupepesa.

Mafanikio makubwa. Nilimwona Sajini akifungua kufuli, akilifunga, akilifungua tena. Tabia ya kutia shaka kabisa.

Kisha akaja mama mmoja akauliza koti kiasi gani. Mke wangu akamwambia bado halijakwisha. Mama akashika kitambaa, akavuta, akaniminya ubavuni kuona kama kuna sponji. Nilijikaza. Akasema sanamu imejaa sana tumboni, haivutii wateja. Mke wangu akasema anajua, ameivumilia miaka kumi na sita. Ndipo pini ya begani iliponichoma nikapiga kelele, na mama wa watu akakimbia akaacha kiatu kimoja.

Sajini alicheka mpaka akakaa chini. Nimeandika kwenye kumbukumbu: mshukiwa anajaribu kuficha wasiwasi.

Jumapili, 11 Septemba

Siku ya kura. Foleni ndefu, watu watulivu, Dada kavaa gauni lake la bluu la siku kubwa, anaongoza wazee wapite mbele. Nilikagua chumba cha kupigia kura kwa lenzi mpaka mawakala wakaanza kugonga ubao wakiuliza kama nimelala humo. Sikupata mtego wowote. Wezi hawa ni hodari.

Jioni kura zikahesabiwa hadharani, moja moja, Dada akiinua kila karatasi juu ili mawakala wa pande zote waone. Mimi nilichagua alama ya nani sisemi, shajara inaweza kuibwa. Nilichagua ndoo.

Jumatatu, 12 Septemba

Ushindi! Vituo kumi na vinne, fomu kumi na nne, kabla jua halijachomoza vizuri!

Siri ya kubandua ni kitambaa chenye maji. Unalowesha pembe, unangoja, unavuta taratibu. Fomu ni karatasi kubwa, ngumu, muhuri wa kituo chini, saini za mawakala na ya msimamizi. Yoyote ikichanika ushahidi umeharibika. Sikuchana hata moja. Mikono yangu hii!

Shuleni kwa Dada nilisimama kidogo kuisoma. Ndoo 412, Mwavuli 97. Mwandiko wake ule ule wa ukutani, namba zimenenepa, zinasomeka mpaka barabarani. Niliona fahari. Nikaibandua kwa uangalifu kuliko zote.

Dosari moja: Sajini alipita na baiskeli. Nilijitupa nyuma ya pipa la taka. Akasimama, akalitazama pipa, akasema asubuhi njema, Mpelelezi wa Pazia, akaenda zake. Hitimisho: hakuniona.

Nikarudi ofisini, nikaliweka bunda chini ya meza, nikafumba macho kwa dakika moja. Saa nne mtu wa Bwana Manukato kaniamsha, dereva mwenye pini kama ile ya bosi wake (kamati nzima inaogopa jua!). Nikainama, nikampa bunda, akaondoka bila kulifungua. Kazi imekwisha, safi kama sahani iliyosuguliwa.

Mchana mke wangu kaja juu. Mitindo yake ya karatasi haionekani, nayo ni ya gauni la mke wa Mwavuli, la sherehe ya kuapishwa, ambalo mwenyewe aliliagiza hata kura hazijapigwa. Nikamwambia mimi ni mpelelezi, si mlinzi wa makaratasi. Akasonya, akachukua bunda lililobaki chini ya meza, akasema afadhali hizi ni ngumu. Muda si muda nikasikia mkasi. Inapendeza kuwa na mke mchapakazi.

Jumanne, 13 Septemba

Matokeo yametangazwa kwenye ukumbi wa mji. Mwavuli ameshinda!

Mji umeshikwa na butwaa. Watu wanasema walisoma fomu za mlangoni Jumapili jioni na namba zilikuwa nyingine kabisa. Walipokwenda asubuhi kuhakikisha, mlango mtupu. Mawakala wa Ndoo walipewa nakala za kaboni, na kaboni ilikuwa imechoka, haionyeshi hata muhuri.

Nami natabasamu tu. Kila kitu kiko mikononi mwa Kamati ya Kura Safi! Wakati wowote Bwana Manukato ataibuka na fomu zangu, na jina langu litatajwa. Nimenyoa ndevu kwa ajili ya picha.

Sajini kaniuliza, bila kunitazama, huku akipiga nyundo, kama nina habari ya fomu zile. Nikamwambia baadhi yetu tunajua mengi kuliko tunavyosema. Akasema baadhi yetu tunasema mengi kuliko tunavyojua. Wivu mtupu.

Jumatano, 14 Septemba

Siwezi kuandika vizuri.

Dada alikuja saa sita mchana. Hakuwa na mkoba wake wa shule. Kwa miaka ishirini na miwili sijamwona bila mkoba ule. Kwa agizo la tume ya uchaguzi amesimamishwa kazi ya ualimu, na mkoba umezuiwa. Fomu iliyofika ukumbini kwa jina la kituo chake inasema Ndoo 97, Mwavuli 412, na chini kuna saini inayofanana na yake. Yeye kawaambia waziwazi kwamba si yake. Wakamwambia alete ushahidi. Akasema niliibandika mlangoni, nendeni mkaone. Wakaenda. Mlango mtupu.

Sasa wanasema ama amegeuza matokeo, ama anasema uongo kuwachafua. Ijumaa saa tatu anahojiwa. Asipokuwa na ile fomu, kazi basi, na baada ya hapo ni polisi.

Kisha akasema jambo ambalo sitalisahau. Alisema nani mwenye roho hiyo, kwenda alfajiri na kitambaa cha maji kunibandulia jina langu mlangoni. Alikuta maji yamechuruzika ubaoni.

Kitambaa kilikuwa bado kimeanikwa dirishani. Kimeanikwa pale pale, mbele yake.

Nilitoka mbio. Anwani ya Bwana Manukato ni jumba la ghorofa, na juu ya lango kuna mwavuli wa chuma mkubwa kama paa la kibanda. Uani, miavuli. Ukutani, picha za meya na mwavuli. Nilisimama pale kama dakika tano. Ndipo nikaelewa. Si watu wa kuogopa jua!

Bwana Manukato alinipokea vizuri, hilo nimpe. Nikamwomba fomu, moja tu, ya shule. Akasema zote zilichomwa Jumatatu ile ile ndani ya pipa, bila hata kufunguliwa, na kwamba hakutarajia mtu mmoja kufanya kazi ya watu kumi na wanne. Akanisifu. Akasema alimtafuta mpelelezi asiyeuliza maswali mji mzima na kila mtu alimwelekeza kwangu. Wakati wa kuondoka akanipa mwavuli wa zawadi.

Nimeuchukua. Jua lilikuwa kali.

Nikakaa kwenye ngazi za posta nikalia, mtu mzima, na watu wakinipita na barua zao. Dada alijitwika kosa la ule mkaa wa ukutani kwa ajili yangu. Nami nimemfuta.

Alhamisi, 15 Septemba

Nilimwambia mke wangu asubuhi. Nilijificha nyuma ya pazia nikamwambia kutokea huko, ili nisimwone uso. Nilieleza yote, mteja, orodha, kitambaa, pipa la moto.

Cherehani ikasimama. Kisha akaniuliza, polepole sana, kama mtu anayezungumza na mgonjwa, karatasi hizo zilikuwa za ukubwa gani. Nikamwambia. Ngumu? Ngumu. Zimeandikwa upande mmoja? Ndiyo.

Pazia likafunguka kwa kishindo mpaka pete mbili zikatoka. Mkononi ameshika mkono wa gauni. Si wa kitambaa, ni wa karatasi, mtindo wa kukatia. Akaugeuza. Upande wa pili, mwandiko mnene: 412.

Nilikuwa nimempa yule dereva mitindo ya gauni! Bwana Manukato kachoma gauni la mke wa bosi wake, kwa pipa na mafuta ya taa, na fomu zangu zilibaki chini ya meza! Mke wangu alidhani ni mabango ya kampeni kama kawaida, wala hakugeuza.

Nilicheka, nikalia, nikataka kumkumbatia. Akanizuia na mkasi.

Hali ya ushahidi: Kituo cha sokoni kimekuwa kola. Kituo cha stendi ni mfuko. Zahanati, mgongo wa kushoto. Shule ya Dada imekatwa mikono miwili, Ndoo kulia, Mwavuli kushoto, na saini imepita kwenye kwapa. Tumepiga magoti sakafuni siku nzima, mke wangu akitafuta vipande kwenye kapu la mabaki, mimi nikimpa pini. Alinikataza kufanya lolote jingine.

Nilipendekeza nimpelekee Dada habari nikiwa nimejigeuza tarishi. Mke wangu akasema atakwenda yeye mwenyewe kwa wifi yake, kwa miguu yake, kwa uso wake.

Ijumaa, 16 Septemba

Ukumbi wa mji ulijaa mpaka madirishani. Mwenyekiti wa kikao ni mama mwembamba mwenye miwani mnyororoni. Bwana Manukato mstari wa mbele, miguu kaikunja, anatabasamu.

Dada akaitwa. Akaulizwa kama ana ushahidi. Akasema ushahidi anao fundi wake.

Mke wangu akaingia na sanamu yetu isiyo na kichwa, ameibeba kiunoni, imevaa gauni la karatasi lililojaa pini. Watu wakaangua kicheko. Hakuwajali. Akaiweka mbele ya meza, akachomoa mkono wa kulia, akaugeuza, akauweka mezani. Akachomoa wa kushoto. Akaiunganisha. Kicheko kikakatika.

Muhuri wa kituo, saini za mawakala wa pande zote mbili, na namba ya fomu, ile ile iliyo kwenye daftari la tume. Fomu iliyofika ukumbini ilikuwa na namba isiyokuwepo kabisa. Akachomoa kola. Akachomoa mfuko. Kituo baada ya kituo gauni likapungua na Ndoo akaongezeka, mpaka sanamu ikabaki uchi na mwenyekiti akavua miwani.

Tabasamu la Bwana Manukato lilihama. Akafungua mwavuli humo humo ndani na kujaribu kutoka nyuma yake. Ulinasa mlangoni.

Ikaja sehemu mbaya. Mwenyekiti akauliza nani alizibandua. Nilikuwa naanza kuinama chini ya benchi Sajini aliposimama. Akasema aliniona Jumatatu saa kumi na moja na dakika arobaini, nyuma ya pipa, pipa likiwa dogo kuliko mimi. Akasema ananijua miaka yote, sina ubaya, ila pia sina breki. Akasema dereva yule alimwona pia saa nne, na namba ya gari ameiandika, maana mtu aliyezoea kazi haachi.

Nikasimama nikatangaza kwamba ulikuwa mtego wangu tangu mwanzo. Mwenyekiti akaniamuru nikae. Nimepewa onyo kali kwa maandishi. Nimeliwekea fremu.

Ndoo ndiye meya. Dada karudishiwa kazi yake na mkoba wake, mbele ya watu wote, na wazazi wa shule wakampigia makofi mpaka akaficha uso.

Jumapili, 18 Septemba

Nilikwenda kwa Dada. Nilikuwa nimetayarisha hotuba ya kurasa mbili. Mlangoni sikuitoa mfukoni. Nikasema tu, Dada, ni mimi niliyekuwa na kitambaa.

Akasema alijua tangu Jumatano. Alikiona dirishani. Alinyamaza kwa sababu alitaka nimwambie mwenyewe, na nilipotoka mbio akajua nakwenda kulirekebisha, hata kama nitaliharibu zaidi.

Akaniambia ameumia. Alilisema hivyo hivyo, na macho yake yakajaa. Kisha akaniomba nimwahidi jambo moja: safari nyingine mtu akinipa kazi, nimuulize kwanza kwa nini. Nikaahidi. Nikainua mkono wa kulia kabisa.

Akauliza kama nimekula.

Jumanne, 20 Septemba

Meya mpya kaapishwa jana. Kavaa gauni zuri sana. Ni lile lile la mke wa Mwavuli, mwenyewe hakulifuata, na mke wangu kalipunguza kiunoni tu. Limemkaa kana kwamba lilikatwa kwa ajili yake.

Na leo, mteja! Sifa zangu zimeenea! Ni bwana mwembamba, mpole, amekuja na ndoo mkononi, mpya, haina hata tone la maji. Nilimsoma papo hapo. Hitimisho: fundi bomba.

Kasema anatoka Jumuiya ya Kuhifadhi Historia ya Mji. Kuna mabango ya kampeni kuta zote, yale yenye orodha ndefu ya mambo ambayo Ndoo aliahidi: maji kila nyumba, barabara ya sokoni, madawati ya shule. Anahofia jua litayababua. Anataka niyabandue yote, mji mzima, na kumletea, yatunzwe mahali salama. Sifa iliyonifikisha masikioni mwake, kasema, ni umakini wangu wa kutochana.

Nilikumbuka ahadi yangu kwa Dada. Nikafungua kinywa kumuuliza kwa nini. Lakini alikuwa ameshaeleza mwenyewe, historia! Ningemuuliza nini tena?

Naanza kesho alfajiri. Kitambaa nimeshakilowesha. Na asije mtu akasema sikujifunza kitu: safari hii bunda langu nimelitengea kamba nyekundu, lisije likachanganyika na la mke wangu.